Velika Topalova: Miaka Thelathini na Tisa, Kidole Kimoja, na Kipimajoto Kilichojifanya Kibodi

Kwanza tuelewane: kuanzia mto wetu hadi mpaka wa Ugiriki hakuna fundi wa kompyuta anayenifikia mimi, Momchil Genov. Shule niliiacha darasa la kumi kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa. Kompyuta zikisikia napanda ngazi, zinajiwasha zenyewe kwa heshima. Ndiyo maana Mkurugenzi Rangel Hadzhiev, alipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu kwa jarida la wafanyakazi, hakuhangaika, alinijia mimi moja kwa moja. Katibu yuko likizo ya uzazi, ni kweli, lakini hayo hayahusiani.

Velika Topalova, bingwa wa mtindi wa kiwanda chetu cha maziwa cha Lyaskovitsa, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni baada ya kutumikia miaka thelathini na tisa na miezi minne. Aliingia getini Machi 1985, msichana wa miaka ishirini na tatu mwenye buti za kuazima, akapewa kazi ya kuosha madebe. Tangu siku hiyo kiwanda kimebadilisha wenyewe mara tatu, jina mara nne, na rangi ya geti mara ambazo hakuna anayezikumbuka. Yeye hakubadilika, ila buti. Sote tunamwita Shangazi Velika, hata Mkurugenzi, ambaye amemzidi miaka miwili na alipaswa kuona aibu.

Kwenye madebe alitolewa na pua yake. Asubuhi moja, miaka mitatu baada ya kuajiriwa, aliinua kichwa kutoka kwenye sinki akamwambia mzee wa mapokezi: "Hilo debe msilimwage humo. Mbuzi wake amelala na beberu." Mzee akamjibu, "Wewe osha." Akaosha. Kesho yake pipa zima la mtindi lilinuka beberu kiasi kwamba dereva wa gari la kusambaza alikataa kufunga madirisha. Siku iliyofuata Shangazi alikuwa mapokezi na mzee alikuwa kwenye sinki. Watu wanasema aliosha vizuri sana.

Miaka sita baadaye akaingia chumba cha vyungu, na hajatoka. Kwa mgeni anayesoma: sisi tunatengeneza mtindi wa kila namna, lakini ule ambao watu huufuata kutoka mbali ni wa vyungu vya udongo. Unamiminwa, unapangwa kwenye chumba cha joto, unaachwa ugande taratibu bila kusumbuliwa. Januari ya mwaka 1997 umeme ulikatika vyungu mia tisa vikiwa ndani. Shangazi alitoka mbio bila koti, akarudi na mkokoteni uliojaa mablanketi na mafurushi ya magodoro ya pamba, la harusi yake likiwa juu kabisa. Nusu ya kijiji ililala imekunja magoti kwa baridi, na mtindi uliganda kama kawaida. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, ndiyo maana ilibidi watumie mablanketi.

Lakini mkizungumzia Velika Topalova mnazungumzia kidole chake kidogo cha mkono wa kulia. Kwa wasiokijua: kwenye chumba cha joto, karibu na mlango, kuna chungu kimoja ambacho hakiuzwi. Tunakiita shahidi. Shangazi hunawa mpaka kiwikoni, hutumbukiza kidole ndani ya shahidi, hufumba macho, na kuhesabu mpaka kumi kwa mwendo wa horo, ile ngoma yetu ya kushikana mikono, ya polepole. Kidole kikikimbia kabla ya kumi, chumba ni moto mno. Kikifika kumi na mbili kikiwa bado kinastarehe, chumba kimepoa. Kikisema basi pale pale kwenye kumi, ndiyo digrii arobaini na nne, na mlango unafungwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kupoteza hata chungu kimoja kwa sababu ya joto.

Si kazi ya kila mtu. Mwaka Shangazi alipofanyiwa upasuaji wa nyongo, Mkurugenzi alisema kidole ni kidole, akaingia mwenyewe. Tatizo ni kwamba yeye ni mtu wa harusi, akahesabu kwa mwendo wa ruchenitsa, ambayo huchezwa kwa kurukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Kumi zake ziliisha maziwa yakiwa bado yanachoma. Chachu ikafa yote. Wiki nzima tulikula kantini kitu ambacho hakikuwa mtindi wala jibini, na ambacho mpishi alikataa kukipa jina. Shangazi aliporudi, kidonda bado kibichi, aliuliza swali moja tu: "Ulicheza nini, Rangel?"

Sasa tufike kwenye habari yenyewe, ambayo ina mimi ndani yake.

Tarehe 12 Februari mwaka huu alikuja mkaguzi, Bi. Snezhina Peeva. Ni mama mpole, anavua viatu bila kuambiwa, na alikula mtindi wa vyungu viwili. Kisha akauliza kumbukumbu za joto la chumba ziko wapi. Shangazi akainua kidole.

"Nakiona," akasema Bi. Peeva. "Kumbukumbu je?"

"Kinazo zote. Kiulize siku yoyote."

"Mama, mimi siwezi kupiga muhuri kwenye kidole."

Akaeleza kwa upole kwamba kidole kiendelee kama kinapenda, lakini joto la chumba liandikwe na mashine kila baada ya dakika tano, na maandishi yatunzwe mwaka mzima. Alitupa siku ishirini na moja. Zikipita bila kumbukumbu, chumba cha vyungu kifungwe, na wafanyakazi wake wahamishiwe kubandika lebo. Shangazi alikuwa amebakiza miezi minne na nusu. Alisema neno moja, "Lebo?", kama mtu aliyetajiwa jela, akaenda kukaa na vyungu vyake.

Mkurugenzi akaagiza kipimajoto cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Kilifika kwa posta, ukubwa wa kidole gumba, kikiwa na CD ya programu. Programu ile ilitaka mfumo ambao kompyuta yetu haiutumii. Kompyuta ya kiwanda ilizeeka ikakataliwa na mfumo wake wenyewe, na miaka miwili iliyopita nikaiwekea Linux, mfumo huria, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Tangu hapo inakimbia kama mwanambuzi.

"Momchil," Mkurugenzi akaniambia mbele ya watu, "si ulisema mfumo wako unaweza kila kitu?"

"Nilisema karibu kila kitu."

"Hukusema karibu."

"Nilisema kimoyomoyo."

Nikachomeka. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikatangaza kwamba imeona kibodi. Nikachomoa, nikachomeka tundu la pili. Kibodi. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa begani, akachungulia kile kidude.

"Kibodi yenyewe haina hata kitufe kimoja," akasema. "Inafanya kazi kama diwani wetu wa kijiji."

Basi kwa siku nne nilifanya yale wanayofanya mafundi wakubwa: nilitukana, nilikunywa kahawa, nikasoma. Kila kifaa cha USB kina namba zake mbili za utambulisho, ya aliyekitengeneza na ya kifaa chenyewe. Nikazitafuta namba za kwetu kote mtandaoni. Hakuna aliyewahi kukitumia kwenye mfumo kama wetu. Ila nilimpata bwana mmoja, simjui, anaishi sijui wapi, aliyeandika programu ndogo kwa ajili ya kipimajoto kingine, ndugu wa hiki, tumbo moja lakini namba tofauti. Na kwa kuwa programu yake ilikuwa huria, nikaifungua kama kopo la dagaa, nikatoa namba za ndugu, nikaweka za kwetu.

Ikakataa. Ilisema sina ruhusa. Mimi! Kwenye mashine niliyoifufua kwa mikono yangu! Nikaiandikia sheria ya mistari miwili kwamba kifaa chenye namba hizi kinaweza kusomwa na mtu wa kawaida, nikachomoa, nikachomeka. Ikakubali. Skrini ikatoa namba nane kwa mkupuo, kisha nane nyingine, kisha nane nyingine. Nikaruka nikagonga kichwa kwenye bomba la mvuke.

"Chumba kina digrii ngapi?" akauliza Shangazi.

"Mia moja ishirini na nane, mbili, ishirini na tatu, mia moja na nne, na zilizobaki ni sifuri."

"Basi tumeshakufa," akasema, akarudi kwenye vyungu.

Hapo ndipo niliponasa, na nakiri, kwa siku tano nilinasa hasa. Namba zilikuwa zinakuja kama mvua na hakuna hata moja iliyosema chochote. Niliwaandikia watu mtandaoni. Mmoja akanijibu nisome maelekezo ya kifaa, ambayo yalikuwa ukurasa mmoja wenye picha ya kifaa. Siku zilikuwa zimebaki kumi na moja. Kantini watu walishaanza utani wa lebo: mara Shangazi ajifunze kulamba gundi, mara apewe mkasi wa rangi anayoipenda. Alicheka pamoja nao. Lakini nilimwona alipopita mlango wa chumba cha kubandikia, alivyogeuzia uso ukutani kama mtu anayepita karibu na mdai.

Siku ya kumi na moja alinijia na bakuli la chuma lenye barafu, na daftari lake la mapishi chini ya kwapa.

"Hebu acha kuiangalia hiyo skrini kama ng'ombe anayeangalia treni," akasema. "We unajua kusoma namba. Mimi najua kusoma joto. Tusome pamoja."

"Shangazi, hii ni kazi ya kitaalamu."

"Ndiyo. Nimekuja kwa sababu hiyo."

Hatukuwa na kebo ya kurefushia. Tulikivisha kipimajoto puto jekundu lililobaki kwenye sherehe ya mjukuu wa Mkurugenzi, tukalifunga na uzi, na mimi nikaibeba kompyuta yote mikononi, kifaa kikining'inia kutoka ubavuni, nikaishusha kwenye bakuli kama mtoto anayenawishwa uso. Mpishi alipita, akatuona, akafanya ishara ya msalaba kifuani, akaendelea na safari yake.

"Soma," akasema Shangazi.

"Ya tatu ni sifuri. Ya nne ni kumi na mbili."

Akaandika. Barafu iliyeyuka. Tukahamia maji ya bomba, kisha maji ya kunawia, kisha maziwa aliyoyapasha mwenyewe na kuyapima kwa kidole, macho yamefumbwa, midomo ikienda horo. "Haya ni arobaini na tatu. Soma."

"Ya tatu, arobaini na tatu."

Tukatazamana. Nikaisoma tena, polepole, isije ikabadilika.

"Na ya nne?" akauliza.

"Ya nne ni kichaa. Mara thelathini, mara mia mbili."

Akaniambia niache maziwa yapoe huku nikimsomea bila kusimama. Nilisoma mpaka kompyuta ikawa nzito kama debe la maziwa. Yeye aliandika, alikagua mistari yake kwa ncha ya kalamu, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Haipiti mia mbili hamsini na tano. Umeona? Inashuka, inashuka, ikifika sifuri ile kubwa inapungua moja, na hii inarudi juu kabisa. Ni mayai haya, mwanangu! Ya tatu ni trei. Ya nne ni mayai yaliyo kwenye trei iliyofunguliwa. Trei moja ni mayai mia mbili hamsini na sita."

Nikakaa chini, na kompyuta mapajani. Ilikuwa hivyo hivyo. Trei ni digrii, mayai ni vipande vya digrii. Mimi, fundi wa kwanza kutoka mtoni hadi Ugiriki, nimekesha siku tano, na mama anayeandika mapishi ya banitsa, ule mkate wetu wa jibini, kwenye daftari lile lile amemaliza kabla ya chakula cha mchana. Nikaandika hesabu hiyo kwenye programu: chukua ya tatu, ongeza ya nne ukiigawa kwa mia mbili hamsini na sita. Skrini ikasema 38.5. Shangazi akatumbukiza kidole kwenye maziwa, akahesabu, akapita kumi na mbili, akapita kumi na tano.

"Kweli," akasema. "Sasa kinasema kweli."

Tuliingiza kompyuta kwenye chumba cha joto, tukaiweka kwenye rafu ya juu, kipimajoto kikiwa kimechomekwa ubavuni. Kikaandika arobaini na saba. Shangazi akaenda kwa shahidi, akatoka. "Arobaini na nne. Kidude chako kina homa." Nilibisha. Nilibisha vizuri, kwa maneno ya kitaalamu. Akaushika mkono wangu, akaubandika kwenye ubavu wa kompyuta, ambao ulikuwa wa moto kama pasi. Kwenye barafu na maziwa, majimaji yalikuwa yakimeza joto la mashine. Hewani, kipimajoto kilikuwa kinaota moto wa kompyuta yenyewe. Tukalinganisha siku mbili, asubuhi na mchana. Kila mara ilikuwa digrii tatu za ziada. Nikaongeza mstari mmoja kwenye programu: toa tatu. Kuanzia hapo skrini na kidole vilisema lugha moja.

Tarehe 1 Machi kila mtu alikuja kazini na uzi wake mwekundu na mweupe wa kuikaribisha masika, na Shangazi alileta mmoja mdogo akaufunga kwenye shingo ya kipimajoto. "Nacho ni mtumishi," akasema, "kisije kikaumwa." Siku tatu baadaye Bi. Peeva alirudi. Alikuta mistari ya kila dakika tano, siku kwa siku, na mchoro ulionyooka kama meza ya seremala. Aliusoma wote. Aliuliza programu imenunuliwa wapi. Mkurugenzi, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa akiniita mwongo, akaniwekea mkono begani na kusema, "Tumeitengeneza wenyewe." Bi. Peeva akapiga muhuri. Kisha akanawa, akaomba aonyeshwe shahidi, akatumbukiza kidole chake na kuhesabu kwa sauti huku Shangazi akimpigia mwendo kwa mguu. Alifika saba akaruka.

Chumba cha vyungu hakikufungwa. Siku ile Shangazi alileta banitsa tatu, pilipili za kuchoma, na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, ya shemeji yake ambayo nashauri isiwekwe karibu na boila.

Programu niliirudisha kwa yule bwana nisiyemjua, pamoja na marekebisho yetu, ili mwingine mwenye kipimajoto kama chetu asilie kama nilivyolia. Akaipokea. Kwenye orodha ya waliochangia ameandika jina langu, na chini yake, kwa sababu nilimsisitizia: Velika Topalova, kidole. Mwezi uliofuata mkulima wa uyoga huko Ureno akatuandikia kushukuru. Nilimsomea Shangazi barua ile akiwa anakung'uta vitambaa.

"Uyoga?" akasema. "Mimi nimesaidia uyoga?"

"Wa Ureno, Shangazi."

Alijifanya hajali. Saa mbili baadaye mpishi, dereva na mama wa duka la mkate walikuwa wanazijua habari za uyoga wa Ureno kunishinda mimi.

Katika miaka yake Shangazi Velika amefundisha wanawake kumi na mmoja kazi ya vyungu. Wanne bado tunao, na kila mmoja anaijua horo ya kumi. Alitunza jikoni mbegu ya chachu ambayo haijawahi kukatika tangu alipoipokea. Alijua ng'ombe wa nani amekula kitunguu mwitu na mchungaji wa nani amegombana na mkewe, vyote kwa kunusa debe. Hakuwahi kuchelewa, ila mara moja, alipomzalisha kondoo njiani, na alifika na mwanakondoo ndani ya koti.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, mapokezi, boila, vyungu, na hata watu wa lebo ambao wamesamehe: asante, Shangazi. Bustani yako ikuchoshe kwa raha, wajukuu wakumalizie jamu, magoti yakutii kwenye kila horo ya kijiji, na maziwa yote utakayoyagusa kuanzia sasa yawe ya kwako mwenyewe, bila mtu wa kukuuliza karatasi.

Mkurugenzi aliniambia niishie hapo. Siishii hapo.

Wote mnajua kuhusu tarehe 17 Aprili. Vyungu mia sita na arobaini vya maziwa ya kondoo, ya kwanza ya msimu, vilitoka na maji ya kijani juu na chembechembe chini, vikali kama siki. Taarifa iliyobandikwa ubaoni inasema: kosa la bingwa wa zamu, kutegemea kidole. Ni doa pekee kwenye jalada lake. Kuanzia siku ile aliamriwa asikiguse shahidi, na wiki hizi kumi za mwisho za kazi yake amezimaliza akiwa amesimama mbele ya skrini, mikono nyuma.

Siku moja kabla ya hapo, niliitoa kompyuta kwenye chumba cha joto kwa sababu ilikuwa inazimika yenyewe. Niliiweka koridoni. Nilinunua kebo ndefu, nikakining'iniza kipimajoto ndani, peke yake, mbali na ubavu wa mashine. Hakukuwa tena na homa ya kutolewa. Skrini ikasema arobaini na moja, na mimi nikawasha boila mpaka ikasema arobaini na nne.

Shangazi aliingia, akatumbukiza kidole, hakufika nane. "Ni moto, Momchil. Zima."

"Skrini inasema arobaini na nne."

"Skrini haina ngozi. Zima, mwanangu."

"Shangazi, tulikubaliana na mkaguzi tunafuata mashine." Nilisema kwa sauti, wasichana wa vyungu wakiwa wanasikia, na nilicheka kidogo. "Au horo imekuchanganya?"

Alinitazama. Akafuta kidole kwenye kitambaa, akafunga mlango, akasaini karatasi ya zamu kama inavyotakiwa bingwa asaini.

Mchana wa kesho yake, vyungu vilipokuwa vinamwagwa, niliifungua programu na kuona. Nilifuta mstari ule kabla hata sijakaa kwenye kiti. Mkurugenzi alipouliza kama mashine iko sawa, nikasema iko sawa, na kwa dakika ile ilikuwa kweli. Alipomuuliza Shangazi, Shangazi alisema, "Sahihi ni yangu."

Kidole kilikuwa sahihi. Chumba kilikuwa na arobaini na saba. Ile toa tatu niliiandika mimi, niliisahau mimi, na niliifuta kimya mimi.